Leseni Yangu, Lori Lake

Hapa El Mirage, Arizona, wananiita mjinga, na wakiniita hivyo hawanong'oni. Wanasema mwanamume mwenye leseni ya ukandarasi wa bustani, aliyefaulu mitihani yote miwili kwa Kiingereza, hana sababu ya kuamka saa kumi alfajiri kwenda kuendesha lori lililoandikwa jina la mwanamke mlangoni. Gumaro, mkata mitende ambaye mdomo wake haujui kupumzika, huniuliza kila tukikutana dukani nikinunua barafu: "Trini, hivi wewe umeajiriwa au umewekwa rehani?" Namwambia alipie barafu yake aende zake. Swali lenyewe sijawahi kulijibu, maana jibu lake linanitia aibu. Naamka saa ile kwa sababu ndiyo saa pekee ninayomwona Herminia kabla hajavaa kofia.

Kampuni ilikuwa ya mume wake, Ausencio Bojórquez. Mimi na Ausencio tulikua pamoja Pitiquito, kule Sonora, ng'ambo ya mpaka, tukaja huku pamoja, tukalala chumba kimoja hadi alipooa. Alikuwa na leseni kabla yangu na kabla ya mtu yeyote ninayemjua. Julai moja tulikuwa tunamwaga kokoto kwenye uwanja wa nyumba mpya, akaniambia anasikia baridi. Nilimtazama nikaona ngozi yake ni kavu. Mtu wa jangwani akiacha kutoka jasho mchana wa Julai, hapo hakuna tena mjadala. Nilimwambia akae kivulini, akakataa, eti mwenye nyumba anachungulia dirishani atadhani tunategea. Tulimfikisha hospitali, lakini hakuamka. Mpaka leo nikimkumbuka huanza kwa kumkasirikia, halafu ndipo nalia.

Sasa, leseni haiachiwi mjane kama vile nyumba au lori. Mtu aliyefanya mtihani akifa, kampuni inapewa siku sitini kutafuta mwingine wa kusimama mahali pake. Zikipita, unarudi kuwa sawa na wale wanaozunguka na mashine ya kukatia nyasi kwenye buti la gari. Unaruhusiwa vijikazi tu, visivyofika dola elfu moja, na hata ukijitangaza ni lazima uandike kwamba huna leseni. Vijikazi havilipi bima wala dhamana wala mafuta, wala pa kutupia matawi. Herminia alikuwa na binti anayesoma uuguzi Tucson, na mama mkwe wa kutunza.

Huyo mama mkwe, doña Eduwiges, ndiye aliyenikamata. Ilikuwa siku ya tisa ya rozari ya mwanawe, nyumba imejaa watu, kahawa inazunguka. Akasimama mbele ya picha ya marehemu akaniambia, na kila mtu akasikia, "Trinidad, wewe ulimbeba mtoto wake ubatizoni. Sasa beba na hili." Ningesema nini? Nilisoma usiku na mchana, nikafanya mitihani, nikafaulu. Na sheria inasema aliyesimama kwa kampuni moja hawezi kusimama kwa nyingine, wala kufungua yake. Tangu siku hiyo jina langu na la Herminia yamekaa pamoja kwenye kumbukumbu za serikali ya Arizona. Nakiri kwamba siku moja, nikiwa peke yangu, niliyatafuta kwenye kompyuta ya maktaba kwa ajili ya kuyaangalia tu.

Ubatizo ule ndio tatizo. Kwetu, ukimbeba mtoto wa mtu kwenye maji ya ubatizo, wazazi wake wanakuwa ndugu zako. Mama yake ni comadre wako, wewe ni compadre wake, na hata mkigombana mnagombana kwa majina hayo. Mwanamume anayemtamani comadre wake husemwa kama mtu anayemtamani dada yake. Bibi zetu kule Pitiquito walikuwa na kisa cha compadre na comadre waliooana, na paa la nyumba yao likaruka kila msimu wa mvua, hata walipoliwekea mawe. Mimi siamini mambo hayo. Lakini nilianza kuangalia mapaa.

Nilianza kumpenda lini, sijui. Akiwa mke wa Ausencio nilimheshimu na ikaishia hapo, na kwa hilo naweza kuapa popote. Baada ya msiba alivaa mabuti ya marehemu, akayajaza matambara kwenye ncha yasimvuke miguuni, akapanda lorini. Mwanzoni alishika reki. Halafu akajifunza kutandaza mipira ya kumwagilia kwa matone, kupanga mawe, kurudi nyuma na trela kwenye vichochoro vya watu wenye magari ya bei mbaya. Nilikuwa namweleza mambo ya kazi tukiwa njiani, naye alikuwa akitazama nje ya dirisha bila kusema lolote. Nilidhani hasikilizi. Niliendelea kueleza hata hivyo, kwa sababu kunyamaza karibu naye kulikuwa kugumu zaidi.

Saa ninayoipenda ni ile ya kwanza. Tunafika mitaa ya wastaafu kukiwa bado giza, na kamati za mitaa zimekataza mashine kabla ya saa kumi na mbili, wazee wasiamshwe. Kwa hiyo tunafanya kwa mikono, na taa za lori. Yeye anapogoa upande huu, mimi nachambua kokoto upande ule, na kinachosikika ni mkasi wake. Jua likitoka raha inaisha. Koleo lililoachwa juani linakubandua ngozi. Maji tuliyoyaweka na barafu yanakuwa ya kuogea. Na nyumba hizi zina vyoo vinne vinne, lakini sijaona mtu aliyemfungulia fundi hata kimoja. Mwanamume anajitafutia nyuma ya ukuta. Herminia hunywa maji kwa kujipimia asubuhi nzima mpaka tupite kituo cha mafuta, katika joto lile lililomuua mume wake. Siku niliyoligundua hilo nilimtukana mwenye nyumba mmoja ambaye hakuwa amenikosea chochote, na Herminia akaniamuru niende kuomba radhi. Nilikwenda.

Mwanzoni mwa Juni mwaka huu kampuni moja kubwa, ya upande wa pili wa bonde, ilinipigia simu. Mtu wao wa leseni anastaafu. Walinitaka nikae mahali pake, ofisini, na kwa siku za kwenda kukagua kazi kuna gari lenye kiyoyozi kinachofanya kazi. Nilipaswa kuwajibu Jumatatu. Sikuwa na haja nao hata kidogo. Lakini nilimwambia Herminia, na nitasema wazi kwa nini nilimwambia. Nilitaka anikataze.

Tulikuwa tumekaa chini ya kivuli cha lori tunakula tortilla za nyama kavu alizofunga mama mkwe. Nilimweleza yote, nikatia na chumvi kidogo kwenye kile kiyoyozi. Alitafuna, akameza.

"Wanataka jibu lini?"

"Jumatatu."

"Basi una muda wa kufikiri, compadre," akasema, akaendelea kula.

Tortilla yangu nilimpa mbwa wa jirani. Wiki ile nzima hakugusia tena habari hiyo, wala mimi. Usiku nilikuwa najigeuza kitandani nikimlaumu kwa kutosema neno ambalo mimi mwenyewe, mwenye mdomo wa kumjibu kila mtu, nilikuwa nimelikalia miaka minne.

Jumamosi tulikuwa na kazi ya saguaro. Hilo ni dungusi kubwa lenye mikono, na hili la mteja wetu, bibi Lindqvist, lilikuwa limesimama hapo kabla ya nyumba, kabla ya barabara, pengine kabla ya babu yake kuzaliwa kule Minnesota alikotoka. Alitaka lihamishwe kutoka nyuma ya nyumba hadi mbele, apate pa kuchimba bwawa la kuogelea. Kibali tulikuwa nacho, na kreni tuliikodi kwa jamaa mmoja wa Glendale. Kazi hii ina sharti moja linalotangulia yote. Kabla hujagusa udongo, unafunga utepe upande wa kusini. Upande huo ngozi yake imezoea jua kali, ule wa kaskazini haujawahi kulijua. Ukilipanda limegeuka, ngozi laini inaungua, linaoza ndani kwa ndani, na baada ya miaka miwili mitatu linaanguka, na likianguka ni tani kadhaa juu ya paa la mtu. Fundi yeyote wa huku anaweza kusahau chakula chake nyumbani, lakini utepe hausahau.

Nilikuwa nimeutoa mfukoni. Nilikuwa nimeushika mkononi, wa rangi ya chungwa, nalielekea dungusi. Hapo Herminia akavua kofia, akainamisha kichwa, akajimwagia maji shingoni kwa kikombe. Basi, ni hilo tu. Maji yakapita nyuma ya sikio yakaingia kwenye kola. Nikasimama. Nadhani nilisimama kwa muda mrefu, maana yule wa kreni aliniuliza kama tunaanza leo au kesho, nikaona haya, nikarudisha mkono mfukoni nikashika sururu.

Tulichimba, tukalivika magodoro ya zamani, tukalikata mizizi, kreni ikalinyanyua na kulilaza kwenye trela. Tukazunguka nalo mbele ya nyumba ambako shimo lilikuwa tayari. Jamaa wa kreni akateremsha kioo.

"Mkuu, kusini wapi?"

Nikatafuta utepe kwenye dungusi. Nikazunguka upande wa pili nikatafuta tena. Halafu nikaingiza mkono mfukoni, na vidole vikaukuta.

Nimepata kuanguka kutoka kwenye mtende, nikavunjika mbavu, na sikusikia ubaridi kama ule. Bibi Lindqvist alikuwa amefungua mlango akisema kwa upole kwamba angependa ile mikono ielekee getini, ionekane inakaribisha wageni. Jamaa wa kreni akasema ndio hivyo, mwenye pesa ameshasema, tulishushe twende zetu. Nikamwambia halishuki. Akauliza tunangoja nini. Leseni ile ina jina langu, lakini likianguka dungusi hili kampuni itakayoshitakiwa ni ya Herminia. Na lenyewe je, limekaa miaka yote hiyo linamtazama nani, lije kufa kwa sababu ya shingo ya mtu?

Herminia aliona mkono wangu mfukoni akaelewa. Akavua glavu, akaenda kwenye kichwa cha dungusi, ambacho kwa kuwa lilikuwa limelala kilikuwa usawa wa kifua chake. Kulikuwa na maua ya mwisho ya msimu na matunda mabichi yamejikusanya kwenye utosi, lakini si pande zote. Yalikuwa yamesongamana upande mmoja.

"Maua hujaa zaidi upande wa mashariki," akasema. "Kwa hiyo kusini ni hapa."

Akapitisha vidole kwenye mfereji kati ya miiba upande huo, kisha upande wa pili, akarudia. "Ndiyo. Hapa ngozi ni ngumu, imebadilika rangi. Njoo ushike."

Nilishika. Ilikuwa kweli. Nilimuuliza amejulia wapi habari ya maua.

"Wewe ulinieleza, compadre. Mwaka wa kwanza, tukienda mji wa Surprise. Ulidhani nahesabu nguzo za umeme."

Alimfuata bibi Lindqvist akazungumza naye taratibu, na mikono ya saguaro ikaelekea ilikokuwa ikielekea siku zote, yaani ukutani kwa jirani. Tulilifunga na mbao, tukasawazisha udongo, na saa sita tulikuwa njiani kurudi, madirisha wazi, yeye anaendesha. Nilikuwa natafuta maneno ya kuomba msamaha kwa sababu ya utepe, ila kila nililolipata lilinipeleka kwenye ile shingo. Yeye akatangulia.

"Nimefaulu," akasema.

"Umefaulu nini?"

"Mitihani. Yote miwili. Tangu mwezi wa tatu." Macho yake yalikuwa barabarani. Akasema Yuridia, yaani binti yake, mtoto wangu wa ubatizo, alikuwa akimuuliza maswali kwa simu kila Jumapili. Miaka ya kazi inayotakiwa alikuwa ameshaitimiza kwenye lori hili hili. "Jumatatu leseni inakuwa kwa jina langu. Kwa hiyo uko huru. Nenda kwa hao watu wenye gari la baridi."

Nitasema nilivyosikia. Nilisikia kufukuzwa. Miaka minne nilikuwa na sababu ya kwenda kwenye geti lile kila alfajiri, sababu iliyopigwa muhuri na serikali, ambayo hakuna bibi wa Pitiquito angeweza kuisemea lolote. Na sasa mwenyewe, kwa mikono yake, ameniondolea. Hasira ikapanda, kama kawaida yangu.

"Nani alikuambia nimefungwa?"

"Mama ndiye aliyekufunga," akasema. "Siku ya rozari, mbele ya watu wote. Ungekataaje? Nilikuwa nimesimama pale, nilikuona." Akasimama kwenye taa nyekundu, na ilipogeuka kijani hakuondoka mara moja. "Kila siku nakusikia unafungua geti, na sijui umekuja kwa ajili ya nani. Kwa ajili ya Ausencio. Kwa ajili ya mama. Kwa ajili ya serikali. Siwezi kumuuliza mtu aliyefungwa, Trinidad. Akinijibu nitajuaje kama ni yeye?"

Gari la nyuma likapiga honi. Akaondoa lori.

Mimi ninayemjibu kila mtu sikupata hata neno moja. Si kwamba sikuwa nalo. Lilikuwepo, lilijaa kifua chote, lakini nilipotaka kulitoa niliona picha ya Ausencio na ile kahawa ikizunguka, nikaona macho ya mama yake. Tulifika kwangu. Akasimamisha lori, nikashuka, nikasema asante kama vile nimepewa lifti na mtu nisiyemjua. Alingoja kidogo injini ikiwa inaunguruma. Kisha akaondoka, nikabaki nalitazama lori mpaka lilipokata kona kwenye kiwanda cha matofali. Nilimtaka mwanamke yule kiasi kwamba nilikaa kwenye ngazi ya mlango wangu, juani, na mabuti yangu, na sikuona sababu ya kuingia ndani.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Nilikwenda misa ya kwanza na sikusikia hata neno la padri. Nikarudi, nikanyoa, nikavaa shati jeupe ambalo huwa nalivaa kwenye mazishi, kwa sababu sina jingine. Nikaenda kwa miguu. Gumaro alikuwa nje ya duka la barafu.

"Trini, nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa," nikamwambia, na nikapita.

Niliingia getini kama nilivyozoea. Doña Eduwiges alikuwa uani na mpira wa maji, anamwagilia mikebe yake ya pilipili za Sonora, zile ndogo kama punje. Mikono yangu ilikuwa mitupu na sikujua niiweke wapi.

"Leo hakuna kazi," akasema.

"Najua, mama."

Aliacha maji yakimwagikia mahali pamoja. Alinitazama viatu, akapanda mpaka kwenye shati, akafika usoni na akakaa hapo. Huyu ndiye aliyemzaa Ausencio. Alitulisha mimi na yeye uji kwenye bakuli moja. Nilitaka kumwambia kwamba sijamwibia mwanawe kitu, kwamba nimengoja, kwamba ikiwa atasema niondoke nitaondoka na sitarudi hata kuchukua koleo langu. Sikusema. Lakini sikuteremsha macho, na hilo nadhani alilihesabu kuwa jibu.

"Umekuwa ukiingia humu bila kubisha tangu mlipokuwa vijana," akasema.

"Ndiyo, mama."

Akainama, polepole kwa sababu ya mgongo, akafunga bomba.

"Sasa toka nje," akasema. "Funga geti. Halafu ubishe hodi."

Nilitoka. Nikafunga geti nikasimama barabarani, na jua la saa nne likanipiga mgongoni. Nikabisha hodi.

Kisha nikasikia kandambili zake zikiburuta kwenye kokoto kuelekea nyumbani, si getini, na sauti yake ikiita ndani, kubwa, bila kujali majirani:

"Herminia! Vua hayo mabuti ya mwanangu, vaa viatu vyako. Una mgeni."